Kamba ya Kwaki na Kazi Halisi ya Kompyuta ya Kwanta



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linalotangazwa sana na kuelezwa kidogo: kompyuta ya kwanta, na kazi yake katika utafiti wa chembe ndogo kabisa zinazounda ulimwengu. Bila shaka umezisikia sifa zake. Husemwa kwamba ina kasi kupita kompyuta zote, kwamba itafumbua siri za benki, kwamba itatuletea dawa mpya. Sitakuongezea ahadi nyingine juu ya hizo. Nataka nikuonyeshe swali moja la fizikia ambalo kompyuta za kawaida zimelishindwa kwa karibu miaka 50, na sababu ya kushindwa kwake inajulikana. Ukilielewa swali hilo, utajua mashine hii inatafutiwa nini, na utaweza kuipima mwenyewe kila habari utakayoisikia juu yake.

Tuanzie mahali chembe hizo ndogo zinapogonganishwa. Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva, kipo kituo cha utafiti kiitwacho CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954. Chini ya ardhi, kwenye kina cha mita 100 hivi, kuna handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27. Humo protoni, yaani chembe za kiini cha atomu, hukimbizwa kutoka pande mbili hadi zikaribie kasi ya nuru, kisha hugonganishwa. Mtambo ukifanya kazi kwa nguvu zake zote, migongano hufikia bilioni 1 kwa sekunde. Kutokana na migongano hiyo, tarehe 4 Julai 2012 wanasayansi walitangaza kwamba wameipata bosoni ya Higgs, chembe iliyotabiriwa kwa kalamu na karatasi tangu mwaka 1964. Mwaka 2013 Peter Higgs na François Englert wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa utabiri huo.

Sasa tuulize: protoni mbili zikigongana, ndani yake hutokea nini?

Protoni siyo punje ngumu. Ndani yake zimo chembe ziitwazo kwaki, nazo zimeshikwa pamoja na nguvu ambayo wanafizikia huiita kwa jina la wazi kabisa: nguvu kali. Nguvu hii ina tabia ya peke yake. Mvuto wa sumaku hufifia kadiri unavyoisogeza mbali. Nguvu kali haifanyi hivyo. Ukizivuta kwaki mbili ziachane, kati yake hutanda mkanda mwembamba wa nishati, na wataalamu huuita kamba. Kadiri unavyovuta, ndivyo kamba inavyozidi kubeba nishati. Hufika mahali ikakatika, na nishati iliyokuwemo ikageuka kuwa chembe mpya: kwaki upande mmoja, na kinyume chake, antikwaki, upande wa pili. Kila ncha iliyokatika hupata mwenzake papo hapo. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikiwa peke yake. Vyombo vya CERN huona michirizi ya chembe zilizozaliwa baada ya kamba kukatika mara nyingi, na kutokana na michirizi hiyo wanasayansi hurudi nyuma kwa hesabu ili wajue kilichotokea mwanzo.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya wenye maabara tu. Ukichukua uzito wa kwaki zilizomo ndani ya protoni ukaujumlisha, utapata takriban asilimia 1 tu ya uzito wa protoni yenyewe. Sehemu yote iliyobaki ni nishati: nishati ya mwendo wa kwaki na ya nguvu inayozifunga. Mtu mwenye kilo 70, uzito wa kwaki zake zote haufiki kilo 1. Anayetaka kujua kwa nini vitu vina uzito, lazima aielewe nguvu hii.

Je, imeeleweka? Kwa upande mmoja, ndiyo. Mwaka 1974 Mmarekani Kenneth Wilson alionyesha njia ya kuikokotoa. Badala ya kuichukulia nafasi na muda kama kitu kisicho na mwisho wa kugawanyika, alivigawa vikawa nukta zilizopangwa kama wavu, kisha akaandika kanuni za nguvu kali juu ya wavu huo. Tangu hapo kompyuta kubwa zimekuwa zikiufanyia kazi. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Ulaya lilikokotoa kwa njia hiyo uzito wa protoni na wa ndugu zake kadhaa, wakapata majibu yanayolingana na vipimo vya maabara, tofauti ikiwa ni asilimia chache tu. Huo ni ushindi mkubwa wa akili ya binadamu, na unastahili kusifiwa.

Lakini sikiliza vizuri hapa, kwa maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Njia ya Wilson hujibu maswali juu ya chembe iliyotulia: ina uzito gani, ina umbo gani. Ukiiuliza habari ya chembe iliyo katika tukio, yaani kamba inavyonyooka, inavyokatika, na kinachofuata hatua kwa hatua, hukwama. Na sababu ni hii. Idadi ya njia ambazo tukio linaweza kupitia ni kubwa mno, hakuna kompyuta iwezayo kuzipitia zote. Kwa hiyo kompyuta huchagua sampuli, kila njia ikipewa uzani wake, kisha hutafuta wastani. Kwa chembe iliyotulia, uzani huo ni namba chanya, na sampuli hutosha. Kwa tukio linaloendelea, uzani hugeuka kuwa namba zinazopingana, chanya na hasi, nazo hufutana karibu zote. Fikiria duka ambalo mauzo yake ya mwaka ni shilingi bilioni 1, na matumizi yake ni shilingi bilioni 1 kasoro mia mbili. Faida ni shilingi mia mbili. Ukikadiria mauzo kwa sampuli ya siku chache, hata makadirio yako yakiwa mazuri sana, kosa lako litakuwa kubwa mara nyingi kuliko faida unayoitafuta. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya kompyuta. Jibu limo, ila limezama ndani ya kosa. Mwaka 2005 Matthias Troyer na Uwe-Jens Wiese walithibitisha kwamba tatizo hili, likichukuliwa kwa ujumla wake, ni miongoni mwa matatizo magumu zaidi yanayojulikana katika sayansi ya kompyuta. Kuongeza mashine na umeme hakutalimaliza.

Wanafizikia hawakukaa wakisubiri. Katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, watafiti walitunga mfano wa kihesabu unaoeleza kamba inavyokatika, na programu inayoutumia, iitwayo Pythia, hutumika CERN hadi leo. Ni kazi nzuri na inafanya kazi. Hata hivyo, mfano huo una vipimo vinavyorekebishwa hadi vilingane na matokeo ya maabara. Haujakokotolewa kutoka kwenye kanuni za nguvu kali zenyewe. Kuna pengo kati ya kanuni tunazozijua na tukio tunaloliona, na pengo hilo limezibwa kwa ustadi bila kuvukwa.

Pengo kama hilo liko mahali pengine pia, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna haki ya kulikumbuka. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani peke yake. Kwa msaada wake wanasayansi waligundua kwamba kitu kimoja cha angani, Centaurus X-3, hupiga mapigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.8. Ni nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka, yenye uzito unaozidi wa jua letu uliofinywa ndani ya mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi. Zaidi ya nusu karne imepita tangu setilaiti ya Malindi itufungulie mlango huo, na bado hakuna anayeweza kukokotoa kutoka kwenye kanuni za msingi hali ya vitu katika kitovu cha nyota hiyo. Kizuizi ni kilekile: namba zinazofutana.

Hapo ndipo anapoingia mwanafizikia Richard Feynman. Mwaka 1981, katika mkutano uliofanyika Massachusetts, Marekani, alisema jambo ambalo leo linaonekana rahisi. Maumbile yenyewe, alieleza, hufuata kanuni za kwanta, yaani zile zinazotawala chembe ndogo kabisa. Ukitaka kuyaiga kwa uaminifu, tengeneza mashine ambayo nayo inafuata kanuni hizohizo. Angalia vizuri, msikilizaji: wazo la kompyuta ya kwanta lilipotolewa na Feynman halikuhusu siri za benki. Lilihusu kuiga fizikia.

Kwa nini mashine ya kawaida isitoshe? Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti, ambazo ni sehemu zake za msingi za kubeba habari. Ili kueleza hali ya kyubiti 1 unahitaji namba 2. Kyubiti 2 zilizofungamana zinahitaji namba 4, kyubiti 3 namba 8, na kila ukiongeza moja, namba zinazohitajika huwa maradufu. Kyubiti 30 zinahitaji namba zaidi ya bilioni 1. Kyubiti 50, zaidi ya trilioni 1,000. Kyubiti 300 zinahitaji namba nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Chembe za maumbile zilizofungamana ziko hivyohivyo. Kompyuta ya kawaida inapojaribu kuziandika namba hizo, kumbukumbu yake hujaa. Kyubiti haziandiki namba hizo popote. Hali yake ndiyo namba hizo.

Wengi huteleza hapa. Husikia hivyo wakadhani kwamba mashine hii hujaribu majibu yote kwa pamoja, kisha inakupa lililo sahihi. Haiko hivyo. Unapoisoma, hukupa jibu moja tu kwa kila mara, tena kwa kubahatisha kulingana na uwezekano. Ufundi wote umo katika kuipanga hesabu ili majibu yasiyofaa yafutane na yanayofaa yaimarike. Kwa maswali mengi hakuna anayejua namna ya kuipanga hivyo. Kwa swali la kuiga chembe, mpango unajulikana. Mwaka 2012 Stephen Jordan, Keith Lee na John Preskill walichapisha katika jarida la Science njia inayoonyesha kwamba migongano ya chembe katika nadharia rahisi inaweza kukokotolewa na kompyuta ya kwanta kwa muda unaovumilika.

Kwa hiyo ninaposikia habari za kompyuta ya kwanta katika fizikia, kwanza huuliza: imepewa kazi gani? Kazi zinazotajwa ni tatu, na haziko sawa.

Kazi ya kwanza ni kuchambua mafuriko ya data yanayotoka kwenye migongano. Inavutia kuisikia, ila ina kikwazo kikubwa: data hizo ni za kawaida, na kuziingiza kwenye kyubiti kunaweza kula muda wote uliotarajia kuuokoa.

Kazi ya pili ni kuifundisha mashine itofautishe tukio lenye bosoni ya Higgs na lisilo nayo. Mwaka 2017 kundi lililomjumuisha Maria Spiropulu wa Caltech lilichapisha katika jarida la Nature jaribio la namna hiyo, wakitumia mashine ya D-Wave yenye kyubiti zaidi ya 1,000. Lilikuwa jaribio safi na la kweli. Mashine ilitenganisha matukio vizuri, na ilionyesha uwezo pale mifano ya kujifunzia ilipokuwa michache. Haikuonyesha kwamba imeziacha nyuma njia za kawaida zilizo bora.

Kazi ya tatu ni ile ya Feynman: kuiga matukio ya chembe zenyewe. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo mahali pake, maana hapa ugumu wa swali na uwezo wa mashine vinatoka chanzo kimoja.

Tazama hatua zilizopigwa. Mwaka 2016, mjini Innsbruck, Austria, kundi la Rainer Blatt na Peter Zoller lilitumia ayoni 4 za kalisi, zilizoning'inizwa kwa nguvu za umeme na kuongozwa kwa miale ya leza, kuiga jinsi elektroni na kinyume chake, positroni, zinavyozaliwa pamoja kutoka kwenye ombwe. Walitumia nadharia iliyorahisishwa ambayo Julian Schwinger aliiandika mwaka 1962, yenye mstari mmoja tu wa nafasi. Ayoni nne tu, lakini tukio lilikwenda mbele kwa muda wake wa kweli. Mwaka 2024 kundi la Martin Savage, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, lilitumia kyubiti 112 za mashine ya IBM kuiga mwendo wa chembe iliyofungwa katika nadharia hiyohiyo. Kisha Juni 2025 jarida la Nature likachapisha kazi mbili zilizotoka kwenye mstari na kuingia kwenye bapa, yaani nafasi yenye urefu na upana. Moja ilitumia kyubiti za Google. Nyingine ilitumia atomu za rubidi katika mashine ya kampuni ya QuEra. Zote mbili zilichunguza kamba inayounganisha chembe mbili, na katika kazi ya atomu za rubidi watafiti waliiona kamba hiyo ikikatika.

Nasema haya kwa furaha, na nasema pia mipaka yake. Nadharia zilizoigwa ni ndogo kuliko nguvu kali yenyewe, ambayo iko katika nafasi yenye urefu, upana na kimo, na kanuni zake ni tata zaidi. Mengi ya majaribio haya bado yanaweza kuhakikiwa kwa kompyuta za kawaida. Tena kyubiti hukosea. Mashine nzuri za leo hukosea takriban mara moja katika kila hatua mia chache hadi elfu chache, na mgongano mmoja wa CERN ukiigwa kikamilifu utahitaji hatua nyingi kupita kiasi hicho. Dawa yake ni kuunganisha kyubiti nyingi dhaifu ziwe moja imara. Desemba 2024 Google walionyesha, kwa kichakataji chao chenye kyubiti 105, kwamba kadiri kundi hilo linavyokuzwa ndivyo makosa yanavyopungua. Ni hatua kubwa. Kutoka hapo hadi kwenye mashine itakayoiga nguvu kali nzima, safari ni ndefu.

Basi siku nyingine ukisikia kwamba kompyuta ya kwanta imefumbua fumbo la ulimwengu, uliza maswali matatu. Imeiga nadharia gani, ile kamili au iliyorahisishwa? Kompyuta ya kawaida ingeweza kupata jibu hilo? Na makosa ya mashine yalishughulikiwaje? Habari ya kweli itakuwa na majibu ya maswali hayo, na haitapungua uzuri kwa kuyajibu.

Najua yuko anayeuliza: yote haya yanatuhusu nini sisi? Naomba nimjibu kwa dhati. Hatuna handaki la kilomita 27, na gharama yake inatushinda. Lakini fani hii ya kuiga chembe kwa kyubiti bado ni changa, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kwa karatasi, kalamu na kompyuta ya mezani. Mei 2016 IBM waliifungua mashine yao ya kyubiti 5 kwa umma kupitia intaneti, na mwanafunzi aliyeko popote akaweza kuiandikia hesabu. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilijiunga na mtandao wa watafiti wa mashine hizo. Ghana ndiyo iliyowasilisha pendekezo lililoufanya Umoja wa Mataifa uutangaze mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Na jirani hapa, Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ipo Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, mshirika wa kituo cha Trieste, Italia, ambacho Mpakistani Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964 ili vijana wa nchi maskini wasifungiwe nje ya fizikia ya juu. Kigali ndiko pia Shule ya Fizikia ya Afrika ilikofanyika mwaka 2016.

Kinachohitajika ili kuingia ni hisabati, tena hisabati ambayo tayari tunaifundisha. Kila hatua ya kompyuta ya kwanta ni matrisi, na matrisi zimo katika somo la Hisabati la kidato cha nne nchini Tanzania. Hali ya kyubiti huandikwa kwa namba changamano, nazo mwanafunzi wa mchepuo wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, hukutana nazo kidato cha tano na sita. Wangapi hufundishwa sura hizo mwishoni mwa muhula, haraka haraka, ili mtihani ufanyike, bila kuambiwa kwamba zina kazi yoyote duniani? Hilo linaniuma, kwa sababu ni jambo tunaloweza kulirekebisha bila kusubiri mfadhili wala mtambo.

Ombi langu kwa walimu wa hisabati na fizikia wanaonisikiliza ni hili. Mnapofika kwenye matrisi, waambieni wanafunzi kwamba matrisi mbili zikizidishwa, mpangilio ukibadilika jibu nalo huweza kubadilika, na kwamba jambo hilo moja ndilo lililo kwenye mzizi wa fizikia ya kwanta. Mnapofika kwenye namba changamano, waambieni kwamba yapo maswali juu ya uzito wao wenyewe na juu ya nyota ambayo hayajajibiwa na mtu yeyote, wa Geneva wala wa Seattle, na kwamba hesabu ya kuyajibu inaanzia kwenye ukurasa huo. Swali la kamba ya kwaki bado liko wazi. Atakayelijibu huenda hivi sasa yuko kidato cha nne, na hakuna sababu yoyote ya kisayansi inayozuia shule yake iwe Mbeya, Kakamega au Bukavu.